Mizunguko Kumi na Mitatu

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani na kazini aliitwa Koki, kwa sababu kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga koki za idara ya maji, na hakuna aliyewahi kumwona akifanya nyingine.

Asubuhi alitoka na ufunguo begani. Chuma kirefu kama yeye mwenyewe, juu kina mkono wa kushikia, chini kina tundu la pembe nne. Alifika penye mfuniko, akaufunua, akashusha ufunguo shimoni mpaka ukashika kichwa cha koki, akazungusha. Kisha akafunika na kwenda penye mfuniko mwingine. Kazi ndiyo hiyo.

Shule hakwenda. Alichojua ni kuhesabu. Kila koki ya mji ule ilikuwa na hesabu yake kichwani mwake. Ya sokoni mizunguko kumi na minane. Ya hospitali ishirini na miwili. Aliyemfundisha alikuwa nyapara mmoja mzee, mkali kama pilipili, ambaye ukikosea hesabu alikuchapa kofi la mgongo ukahesabu upya.

Kubwa kuliko zote ilikuwa koki ya njia panda. Hapo bomba nene linalotoka tangini hugawanyika. Tawi moja linakwenda mtaa wa juu, jingine linashuka mtaa wa chini. Koki ilikaa kwenye tawi la juu. Kutoka kufungwa kabisa hadi kufunguka kabisa ilikuwa mizunguko ishirini na sita. Na ilikuwa na kichaa chake. Koki zote duniani ukizungusha kushoto zinafunguka, kulia zinafunga. Hii kinyume. Ilinunuliwa wapi, na nani, hakuna aliyekumbuka.

Nyapara alimwambia siku ya kwanza, "Hii ilizaliwa ya mkono wa kushoto. Ukisahau, mji mzima utamtukana mama yako."

Hakusahau. Na siku zote aliiacha kwenye kumi na mitatu. Ikizidi hapo, mtaa wa chini mabomba yalikohoa hewa. Ikipungua, mtaa wa juu walilalamika. Kwenye kumi na mitatu kila mtu alipata, na kila mtu alinung'unika kidogo, basi akajua iko sawa. Hakuna barua iliyomwagiza hivyo. Ni nyapara na yeye tu, kwa kutazama ndoo za watu zinavyojaa.

Alipostaafu, ofisi ilimwomba aache maarifa yake kwa maandishi. Akasema yeye haandiki, wampe mtu wa kuandika kwa siku mbili. Wakasema sawa. Wakampa saa ya ukutani, wakampa mkono, wakapiga picha. Mtu wa kuandika hakuja. Alingoja mwezi mzima, kila asubuhi amevaa shati safi.

Mkewe alikuwa mfua nguo. Watu walimwita Mama Povu. Vyumba vyao vilikuwa viwili na uani kulikuwa na kamba nne, na kamba zile hazikuwahi kukaa tupu. Nguo zilitoka nyumba za mtaa wa juu, zikafuliwa kijitoni chini ya mtaa, zikarudi zimekunjwa pembe kwa pembe. Mama Povu alikuwa mwanamke wa maneno mengi kwa mume wa maneno machache. Alipenda kuwaambia wageni kwamba katika nyumba ile mmoja anafungua maji na mwingine anayamaliza.

Kisha ukaja mpango wa kulinda chanzo.

Ukweli usemwe, mpango wenyewe haukuwa mbaya. Chanzo kilikuwa kinapungua. Koki alikijua tangu kinatoka chini ya miti kinanguruma, na alikiona miti ilipokatwa kikawa kinatambaa. Meneja wa maji alipoitisha mkutano ukumbini, Koki alikwenda, akakaa mstari wa tatu. Meneja alikuwa mtu wa sauti nzuri na viatu vizuri. Alionyesha picha za miti, za kijito, za watoto wanacheka. Akasema maji ni machache na kila mtu abebe sehemu yake. Watu wakapiga makofi.

Koki naye alipiga. Hilo baadaye lilimkera kuliko mengine yote, kwamba viganja vyake mwenyewe vilipiga.

Sehemu zikagawanywa. Mtaa wa juu walipata bustani, nyasi na miti, na mabomba ya kurusha maji toka asubuhi mpaka jioni, na kibao kilichosema hayo ndiyo mapafu ya mji. Maji ya nyumbani walipata kila siku kama zamani. Mtaa wa chini waliwekewa koki mpya pale bomba linapoingia mtaani, koki ya buluu yenye kufuli. Ilifunguliwa Jumanne. Siku nyingine sita, watu walinywa walichohifadhi Jumanne. Na kufua kijitoni kukapigwa marufuku, kijito kikawekewa uzio na walinzi. Kibao cha marufuku kilikuwa kwa maandishi, naye hakujua kusoma, kwa hiyo Mama Povu alikwenda kufua kama kawaida, na beseni zake mbili zikachukuliwa. Akaambiwa anachafua kijito, akamuuliza mlinzi uchafu ni wa nani ikiwa nguo ni za mtaa wa juu. Mlinzi akasema yeye analinda tu.

Nguo hazikuacha kuja. Walioandika kibao nao walivaa, na walichovaa kilichafuka.

Sasa Mama Povu akawa anashuka machimboni. Ni shimo la zamani la mawe, chini kabisa kuna maji ya kijani yasiyo na mwenyewe. Ngazi zilichongwa na wachimbaji kwenye mwamba, na Koki alizihesabu, sitini na moja, hakuna mbili zenye urefu mmoja. Alitaka kubeba yeye. Mgongo wake ulikuwa umeliwa na ufunguo miaka yote ile, na mkewe alimzuia. Alimwambia, "Wewe ulinibebea maji ya mji mzima. Pumzika, mzee wangu."

Jumamosi moja, jua la saa sita, aliteleza. Ndoo ilifika chini kabla yake. Alivunjika nyonga. Alilala hospitali siku kumi na tisa, ya ishirini akarudi nyumbani amefunikwa shuka.

Koki hakulia. Alikaa macho makavu, watu wakadhani amekufa ganzi.

Siku ya tatu ya msiba, watu wamekaa mikekani uani, akaingia dereva. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mkononi, anaona aibu, lakini ametumwa. Ametoka kwa meneja wa maji. Mama mwenye nyumba anaulizia mashuka yake, yako sita, ana wageni.

Watu wakatazamana. Koki akasimama, akaenda kwenye kamba. Mashuka yalikuwa yametundikwa tangu ile Jumamosi, jua limeyakausha mpaka yamekuwa kama mbao. Akayatoa moja moja. Akayakunja pembe kwa pembe, kama alivyokuwa akiona yanakunjwa. Akamkabidhi dereva.

"Mwambie bwana wako yamekwisha," alisema. "Mfuaji naye amekwisha."

Dereva alitoka bila kuaga. Na kisasi cha Koki kilianza hapo. Kabla ya hapo alikuwa na huzuni tu.

Miezi minane alikilea. Mtu asiye na maneno mengi ana nafasi kubwa ndani ya kuweka vitu. Aliwaza mawe kwenye madirisha, akaona ni utoto. Aliwaza kumngoja meneja nje ya ofisi amtandike, akajitazama mikono, akacheka peke yake. Alitaka kitu kimoja. Alitaka yule mtu naye abebe. Sehemu yake, kama alivyosema mwenyewe ukumbini. Asubuhi aliamka na jambo hilo, akanawa uso nalo.

Kisha wakamfuata wenyewe.

Ilikuwa kiangazi. Gari la idara lilisimama mlangoni, akateremka injinia, kijana mpya, na mafundi wawili. Injinia alikuwa na adabu. Alivua miwani, akachuchumaa mbele ya kiti cha Koki, akamwita baba. Akaeleza kwamba presha ya mtaa wa juu haitoshi. Ramani inasema kuna koki njia panda, nao wamechimba sehemu mbili wakakuta udongo. Barabara ilitiwa lami mpya, mfuniko ukafunikwa. Wameambiwa ofisini yuko mzee mmoja anayejua.

Kwa dakika moja Koki alimpenda. Hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kuchuchumaa mbele yake. Alikuwa karibu kumwambia yote.

"Presha ya nini?" akauliza.

"Ya bustani, baba. Nyasi zinakauka. Meneja anataka ifunguliwe yote."

Koki akasimama. Kisha akachukua kofia.

Pale njia panda alisimama kwenye pembe ya ukuta wa duka la vyuma, akapiga hatua kumi na mbili, akageukia jua, akapiga nne, akagonga lami kwa kisigino. Mafundi wakavunja. Mfuniko ulikuwa pale pale, chini ya kisigino. Injinia alifurahi kama mtoto aliyepata yai. Akashusha ufunguo mwenyewe, hakutaka fundi ashike. Akazungusha kushoto, kama koki zote duniani zinavyofunguliwa.

Koki alisimama kando, mikono nyuma, vidole vikihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Kijana alikuwa anatoka jasho. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu, ufunguo ukagoma.

"Kumbe ilikuwa nusu tu," injinia alisema akihema. "Nani aliiacha nusu miaka yote hii?"

"Watu wa zamani," alisema Koki.

"Sasa imefunguka yote."

"Nimeona."

Wakamrudisha nyumbani kwa gari. Siku hiyo alipika, akala akashiba, mara ya kwanza tangu mazishi.

Kesho yake mtaa wa juu walikauka. Mpaka saa nne asubuhi habari zilikuwa zimeteremka. Mabomba ya bustani yanapuliza hewa kama mzee mwenye pumu. Mke wa meneja kaosha nywele kwa maji ya chupa. Wanaume wa mtaa wa chini walicheka mpaka wakakaa chini, kinyozi akasema basi na wao waanze kuzoea kunuka kama sisi. Hakuna aliyejua sababu. Koki alikaa mlangoni kwake anasikiliza, na kila neno lilimwingia kama chai ya moto. Alijisemea, Mama Povu, unasikia?

Siku ya tano alikuja shemeji yake.

Huyu ni mdogo wake Mama Povu, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, anafanya kazi za ndani nyumbani kwa huyo huyo meneja. Aliingia bila hodi, shingo kaifunga kitambaa, akakaa kitandani, akavua viatu. Nyayo zilikuwa zimechubuka.

Koki akamuuliza kulikoni. Akasema anabeba maji. Tangu Jumatano iliyopita, ndoo nane kwa siku, kutoka kijitoni mpaka mtaa wa juu. Walinzi sasa wanawafungulia uzio wafanyakazi wote wa mtaa wa juu, wamepewa amri. Wako njiani kama siafu, na wote ni wanawake wa mtaa wa chini.

"Bwana anaoga?" aliuliza Koki.

"Anaoga. Mara mbili. Anayenuka ni mimi."

Koki akatazama chini. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinagonga goti, kimoja kimoja, na shemeji aliviona. Aliishi na mtu huyu kwenye ukoo miaka thelathini, alijua vidole vile vinagonga lini.

"Shemeji," alisema polepole. "Ni wewe?"

Koki akavifumbata vidole.

"Nakuuliza. Ni wewe?"

"Walikuja kuniuliza iko wapi. Nikawaonyesha."

Shemeji akavaa viatu. Alipofika mlangoni akageuka. Hakupandisha sauti.

"Na mimi nilimpenda dada yangu," alisema. "Ukitaka kumpiga bwana, mpige bwana. Mbona fimbo inashukia shingo yangu?"

Koki alikaa pale pale mpaka chai ikapoa. Maisha yake yote kazi ilikuwa kujua kitu kikizuiwa huku kitashukia wapi. Ukifunga hapa, pale patajaa. Ukifungua kule, huku patakauka. Safari hii hakuhesabu. Alifunga mtaa wa juu, mzigo ukashuka njia ile ile uliyoizoea, ukatua mtaa wa chini, kichwani mwa mwanamke.

Na haukuisha hapo. Jumanne ilipofika, koki ya buluu haikufunguliwa. Karatasi ilibandikwa kwenye uzio, mwalimu mmoja akawasomea watu. Kwa ajili ya dharura, zamu ya mtaa wa chini itatolewa kwa mtaa wa juu mpaka hali itakapotengemaa. Wanawake walikuwa wamepanga madumu tangu alfajiri. Walisimama mpaka saa sita, hawaamini, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja kuelekea machimboni.

Koki aliwaona wakishuka na madumu. Akavaa kofia kwenda kwa injinia. Akafika nusu ya njia. Akasimama. Kama angekwenda kusema, koki ingefunguliwa, nyasi zingemea, meneja angeoga bila kujua aliwahi kukosa nini. Mambo yangerudi kama yalivyokuwa siku Mama Povu alipoteleza. Akageuka. Lakini hakurudi kukaa. Alikwenda machimboni, akasimama kwenye ngazi ya ishirini ambayo ni mbaya kuliko zote, akawapokea wanawake ndoo, mmoja baada ya mwingine, mpaka mgongo ukakataa kunyooka.

Jumatano injinia alikuja peke yake, kwa miguu. Alikuwa amekonda kwa siku nane. Alisema tangi limejaa linafurika. Maji yanamwagika kilimani yanachimba korongo, na huku mitaa yote miwili ni mikavu. Ameangalia pampu, ameangalia bomba, ameota vitu vya ajabu.

"Baba, kuna kitu hukuniambia."

"Kipo."

"Niambie, nakuomba."

"Mlete meneja."

Injinia akajaribu kueleza kwamba meneja ana vikao, kwamba wakubwa zake wanampigia simu kila saa, kwamba hawezi kuteremka huku.

"Basi akakamue mashuka," alisema Koki.

Alhamisi saa nne, meneja akateremka. Gari liliachwa barabarani kwa sababu uchochoro ni mwembamba. Aliingia uani akiinama chini ya kamba tupu. Alianza kwa ukali. Akasema hujuma ya miundombinu ni kosa, watu wanafungwa.

"Nimehujumu nini?" Koki aliuliza. "Niliulizwa iko wapi, nikaonyesha. Aliyezungusha ni huyu mwenye cheti. Niliwaomba mtu wa kuniandikia, siku mbili tu. Nilivaa shati mwezi mzima."

Injinia aliangalia ardhi. Simu ya meneja ikalia mfukoni, akaizima, ikalia tena. Akabadili sauti, akamwita mzee wetu. Akatoa pochi.

"Rudisha," alisema Koki. "Sikukuita kwa ajili ya hiyo."

"Unataka nini?"

"Nataka ubebe."

Meneja hakuelewa. Koki akaingia ndani akatoka na ndoo ya lita ishirini, ile aliyoanguka nayo mkewe, yenye mkunjo ubavuni, akaiweka miguuni pa meneja.

"Ulisema kila mtu abebe sehemu yake. Mimi nilikupigia makofi. Sehemu yako hii hapa. Machimboni mpaka hapa mlangoni, ndoo moja. Mke wangu alikuwa anabeba sita, na ndani yake zimo za mashuka yako."

Meneja alicheka. Akamtazama injinia amsaidie kucheka. Injinia hakucheka.

"Nikikataa?"

"Nitakufa siku yangu ikifika. Nimezeeka, sikawii. Mtabaki na ramani."

Simu ikalia tena. Meneja akaisikiliza, akasema ndiyo bwana, ndiyo bwana, leo leo. Akavua koti. Akaangalia pa kulitundika, akalitundika kwenye kamba.

Habari zilitangulia. Walipofika machimboni, wanawake walikuwa wamejaa ukingoni na madumu yao, na shemeji yake Koki yumo, ametoroka kazini. Hakuna aliyezomea. Walimtazama tu anavyoshuka, mkono mmoja ukutani, viatu vyake vizuri vikitafuta pa kukanyaga. Kupanda ndiko kulikuwa na kazi. Ndoo hakuweza kuiweka kichwani, akaikumbatia kifuani, maji yakamlowesha mpaka miguu. Kila ngazi kumi alipumzika. Shemeji alisema kwa sauti ya kawaida, anyanyue mguu, ngazi siyo zulia. Watu wakakohoa kicheko.

Koki alikuwa nyuma yake ngazi mbili, anahesabu. Kwenye ya thelathini na tano meneja alitua ndoo, midomo imekuwa mieupe. Bila kugeuka, akauliza, "Alianguka wapi?"

"Umeshapapita," alisema Koki.

Meneja akatazama ngazi alizozipita. Kisha akabeba. Ndoo ilifika mlangoni ikiwa nusu, na Koki aliipokea, akaimwaga kwenye mtungi, hakusema asante.

Meneja alidhani yamekwisha. Koki akamwambia bado ile koki ya buluu. Meneja, anatetemeka kwa baridi ya nguo mbichi, akasema ataandika barua, Jumanne ziongezwe ziwe mbili, hata tatu.

"Karatasi sijui kusoma," alisema Koki. "Nataka ing'olewe, niishike."

Ikang'olewa. Mafundi walitumia saa mbili, wakaunga bomba moja kwa moja, wakamletea koki ile ya buluu ikiwa na kufuli lake bado. Aliishika. Ilikuwa nzito, kitu kizuri, chuma cha maana. Akaiweka chini. Meneja akapanda gari kwenda kubadili nguo, akamwambia injinia ahakikishe mzee anafungua yote, mpaka mwisho.

Njia panda walibaki Koki na injinia. Jua lilikuwa limeanza kulala upande. Koki alipokea ufunguo, akaushusha, akasikia ukishika kichwa. Alikuwa hajashika chuma kile miaka saba. Akazungusha kulia.

Injinia alifungua mdomo. Akaufunga. Taratibu uso wake ukabadilika, akajua alichokifanya siku ile, akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ya mkono wa kushoto," alisema Koki. "Andika."

Injinia akatoa daftari, akaandika. Chini ya miguu yao bomba likaanza kuvuma. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Koki akasimama.

"Bado, baba. Umefika nusu. Meneja amesema..."

"Nimemsikia."

Koki akapiga magoti kwenye lami, akalala kifudifudi, mkono ukazama shimoni mpaka begani. Mkononi alikuwa na tupa ya kusagia chuma, mpya, aliyoinunua asubuhi kwenye lile duka la vyuma. Akaanza kukikata kile chuma cha pembe nne ambacho ufunguo hushika. Alikata pembe ya kwanza. Sauti ilitoka shimoni kama panya anakula sanduku. Injinia alielewa mapema. Pembe zikiisha, chuma kitakuwa mviringo, na hakuna ufunguo utakaokishika tena, kushoto wala kulia. Kuitoa koki yenyewe ni kuvunja barabara mpya ya mtaa wa juu na kukausha mji wiki nzima, na koki ya aina ile haiuzwi popote. Meneja gani angethubutu?

Kijana aliangalia gari, akaangalia barabara. Angeweza kumvuta mzee miguu, ni mwepesi. Badala yake alikwenda kusimama upande wa pili wa shimo, ili pikipiki zinazopita zisimkanyage.

Pembe ya nne ilipoisha, Koki alipapasa kwa kidole gumba, pande zote. Laini. Injinia akamshika mkono kumwinua.

Toka siku ile mitaa yote miwili ilipata maji kila siku, machache, na kila mtu alinung'unika kidogo. Bustani ilibaki na miti, nyasi zikafa upande wa jua. Meneja alipopata habari alitishia kumshtaki Koki, lakini kushtaki kungemlazimu aeleze mbele ya watu alikuwa anabeba nini machimboni. Akameza. Shemeji aliacha kazi nyumba ile, akasema shingo yake bado inamdai Koki, na kila Ijumaa alikuja kula kwake kwa haki hiyo, akila na kulalamika chumvi.

Watu walidhani Koki amepona. Hakupona. Alikuwa akimwona meneja anapita na gari, kioo kimepandishwa, na moyo ulikuwa unasema, ndoo moja tu. Alibeba moja.

Mwaka haukuisha, injinia akaja kumtembelea na kilo mbili za sukari. Katika maongezi akasema meneja amehamishwa. Amepewa mji mkubwa zaidi, ng'ambo ya milima, anakwenda kuanzisha mpango kama huu huu. Walimfanyia tafrija.

Koki alikaa na habari hiyo. Alikoroga chai yake muda mrefu bila kuinywa.

"Huko aendako," aliuliza, "kuna mtaa wa chini?"

"Kila mji unao, baba."

"Na mfungua koki wao, unamjua?"

Injinia alifikiri. Akasema yuko mama mmoja, mzee, anakaribia kustaafu, walikutana kwenye mafunzo. Hapendi kuongea.

Koki akaweka kikombe chini. "Una namba yake ya simu?" alisema. "Mpigie. Nitaongea mimi."